Banda la Sungura Uani kwa Mtu wa Mshahara

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama)

Katika mikutano iliyopita tumesikia hotuba juu ya mambo makubwa: elimu ya watoto, ushirika, na akiba ya uzeeni. Leo tumetakiwa kusema juu ya jambo dogo lenye miguu minne na masikio marefu. Yamkini wako watakaocheka. Na wacheke, sisi pia tulicheka siku ya kwanza, kisha tukajuta.

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze neno moja. Twasema "sisi" kwa kuwa kazi hii tuliifanya watu watatu, makarani wa idara mbalimbali, majirani katika kota hapa Morogoro. Hakuna kati yetu aliyejifunza useremala. Shuleni tulifundishwa hesabu, insha na kuandika barua kwa adabu. Msumeno tuliuona mikononi mwa wengine. Basi mtakayoyasikia si maneno ya mafundi, bali ya watu waliokosea, wakalipa gharama ya kosa lao, wakajifunza.

Kwanza, kwa nini sungura? Ninyi nyote mwajua jinsi mshahara ulivyo. Wiki ya kwanza nyama, wiki ya pili dagaa, wiki ya tatu maharage, na wiki ya nne maelezo. Ng'ombe hatuna mahali pa kumweka, na mbuzi atakula maua ya jirani na kutuletea kesi. Sungura hula majani, hahitaji malisho, hapigi kelele, na jike mwenye afya aweza kuzaa watoto sita au saba kwa mara moja baada ya kubeba mimba siku 30 hadi 32. Nyama yake ni nyeupe na laini, na mavi yake ni mbolea njema kwa bustani ya mchicha. Wako kati yetu ambao kwa desturi zao nyama hiyo hawaili, nasi hatuji kuwashawishi. Lakini kwa wale waulao, ni kitoweo kinachokua nyuma ya jiko.

Hatudai kwamba sungura wamtajirisha mtu. Twadai tu kwamba mtoto aweza kupata nyama katika wiki ya nne, na hilo si jambo dogo.

Sasa tuseme kosa letu. Mwanzo wetu ulikuwa sungura watano, dume mmoja na majike wanne. Tuliwaweka ndani ya kasha kubwa la mbao lililolazwa chini uani kwa mmoja wetu. Mbele tulipigilia wavu mwembamba wa kuku kwa misumari midogo, na mlango tuliufunga kwa kamba ya katani. Tulijisifu kwa kuwa hatukutumia fedha ila za wavu na misumari. Binti wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akiwalisha asubuhi na jioni, naye alimpa kila mmoja jina lake.

Siku moja jioni mtoto yule alimwambia baba yake, "Baba, kamba ya mlango imekatika nyuzi, imebaki kidogo tu." Baba akajibu kama tujibuvyo sote: "Vema, mwanangu. Mwisho wa mwezi tutanunua komeo." Ilikuwa tarehe 19.

Usiku wa tarehe 21 mbwa waliingia uani. Hatukusikia kitu, maana sungura ni mnyama mkimya. Asubuhi tulikuta wavu umechanwa kama karatasi, kamba imekatika, na manyoya yametapakaa hadi kwenye bomba la maji. Hakubaki hata mmoja. Binti hakulia mbele yetu wala hakumlaumu mtu. Aliokota kopo la maji la sungura wake, akaliosha, akaliweka juu ya dirisha. Baba yake ametuambia kwamba lile kopo lilimwumiza kuliko matusi.

Mabibi na mabwana, hapo ndipo tulipojifunza neno ambalo ni shina la hotuba hii: mbwa hangoji mwisho wa mwezi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa kamba moja.

Tulipokaa kutafakari, tuliona kwamba hatukukosea kwa kutumia fedha kidogo. Tulikosea kwa kutojua mahali pa kuziweka. Banda la sungura lina sehemu zinazoshambuliwa na meno na makucha, nazo ni wavu, sakafu na mlango. Hapo usifanye uchumi. Tena lina sehemu ambazo kazi yake ni kuleta kivuli na kuzuia mvua, nazo ni paa, kuta za nyuma na miguu. Hapo fanya uchumi upendavyo. Mtu akizichanganya sehemu hizi mbili, akanunua bati jipya la paa na kufunga mlango kwa kamba, atakuwa amelipa ghali kwa kulisha mbwa wa mji.

Kuna jambo jingine la kujua kabla ya kushika nyundo. Sungura tumfugaye si yule wa hadithi za bibi zetu. Yule wa porini huzaliwa na manyoya, macho wazi, naye hulala juu ya ardhi akitegemea mbio zake. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya, nchi za Hispania na jirani zake. Huzaliwa uchi na kipofu, na kwa tabia yake huchimba mashimo. Hawezi kuokoka kwa mbio, kwa maana tumemfungia. Tulipomtia ndani tulimnyang'anya shimo lake. Basi hatuna budi kumpa ngome badala yake.

Haya, sasa tujenge.

Sisi watu wa kota tuna shida mbili ambazo mwenye shamba hana. Ya kwanza, uwanja si wetu, wala haifai kuchimbia nguzo ndani yake. Ya pili ni uhamisho. Barua yaweza kuja Jumatatu ikimtaka mtu awe Tabora au Lindi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tumefanya kizimba kinachosimama chenyewe juu ya meza yake, kisichounganishwa na nyumba, na kinachoweza kuinuliwa na watu wawili na kupandishwa juu ya lori.

Kila kizimba ni cha jike mmoja na watoto wake. Urefu ni futi 4, upana futi 2 na nusu, na kimo futi 2, ili sungura aweze kunyosha mwili na kusimama kwa miguu ya nyuma bila kugonga masikio. Kwa kiunzi twahitaji mbao nne za inchi 2 kwa 2, kila moja ya urefu wa futi 12. Ya kwanza ikatwe vipande vitatu vya futi 4. Ya pili ikatwe kipande kimoja cha futi 4 na vitatu vya futi 2 na nusu. Ya tatu itoe vitatu vya futi 2 na nusu na viwili vya futi 2. Ya nne itoe viwili vya futi 2 vya pembeni, na kinachobaki ni cha mlango wa futi 2 kwa futi 1 na nusu. Vipande vinne vya futi 4 ndivyo mihimili mirefu ya juu na chini. Vile sita vya futi 2 na nusu, vinne ni vya ncha za juu na chini, na viwili hupita chini ya sakafu kuibeba. Ukikata hivyo, karibu hakuna kinachopotea.

Wavu usiwe ule mwembamba wa kuku. Ule humzuia kuku asitoke, bali haumzuii mbwa asiingie. Nunua wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Matundu ya inchi moja ni makubwa mno: watoto wa sungura hutumbukiza miguu yao wakavunjika, na panya wadogo hupita. Kwa wavu wenye upana wa futi 3, futi 14 zatosha kizimba kimoja: futi 4 za sakafu, futi 4 za juu chini ya paa, futi 4 za mbele pamoja na mlango, na futi 2 za ubavu mmoja. Sisi tulinunua futi 15 kwa ajili ya makosa yetu, nayo makosa yalikuwapo.

Wavu upigiliwe kwa misumari ya kupinda yenye ncha mbili, nafasi ya inchi 2 kati ya msumari na msumari. Kisha juu yake upigiliwe ufito wa mbao, ili mbwa akivuta asipate ukingo wa kushika. Ubavu wa pili na upande wa nyuma, yaani ule unaopigwa na mvua, tuliuziba kwa mbao za makasha. Hizo hupatikana kwa bei ndogo madukani, na kazi yake ni ya ukuta tu.

Sakafu ya wavu huacha mavi na mkojo kudondoka chini, na ndiyo afya ya sungura. Akikaa juu ya uchafu wenye unyevu hupata ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wengi kabla hawajatimiza miezi mitatu. Lakini wavu mtupu huumiza nyayo, hata zikatoka vidonda. Kwa hiyo weka pembeni ubao mmoja wa futi 1 kwa futi 1 na nusu, akae juu yake apendapo, nao uoshwe na kuanikwa juani kila Jumamosi.

Mlango uwe na bawaba mbili za chuma, tena makomeo mawili, moja juu na moja chini. Komeo moja mbwa aweza kulitikisa hadi likaachia. Hapa ndipo twawasihi sana: usianze kumweka sungura ndani kabla makomeo hayajafika. Kama fedha hazikutosha, sungura angoje kwa aliyekuuzia. Banda lisilo komeo si banda.

Sasa meza. Miguu minne ya miti minyofu, kimo futi 3, imefungwa pamoja kwa vipande vya kukingama, na kizimba kimeshikwa juu yake kwa parafujo nne za njugu. Tumetumia parafujo hapa, wala si misumari, kwa sababu ya ile barua ya uhamisho. Juu ya kila mguu, kabla haujafika kwenye kizimba, tulivisha bati la debe lililokatwa na kukunjwa mfano wa faneli iliyofudikizwa. Panya na nyoka wakipanda hukutana nalo wakarudi.

Paa nalo ni jambo la busara. Mtu hudhani bati ni bora kwa kuwa ni ghali. Lakini sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulitoa hasa kwa masikio na kwa pumzi. Joto likizidi nyuzi 30 za sentigredi huanza kuteseka, na chini ya bati tupu adhuhuri aweza kufa. Nyasi za kuezekea, zilizofungwa vizuri juu ya fito na kuchomoza futi 1 kila upande, ni baridi zaidi na ni rahisi zaidi. Mwenye bati la zamani na alitumie, ila alifunike kwa nyasi. Weka kizimba chini ya mwembe au mwarobaini, mbele yake ikielekea jua la asubuhi. Siku za joto kali tundika gunia lililoloweshwa upande wa upepo.

Tulipomaliza kizimba hiki tulidhani tumeshinda. Tulinunua majike wawili na dume, na mwezi wa pili jike wa kwanza akazaa watoto saba. Ndipo mvua za masika zikaja, na pamoja nazo siafu. Walipanda miguu ya meza usiku. Yale mabati ya faneli hayakuwazuia, kwa kuwa siafu hutembea hata kichwa chini. Asubuhi watoto wote saba walikuwa wamekufa ndani ya kisanduku, na mama yao ameumwa puani na machoni.

Tangu siku ile kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, ambayo mafundi wa gereji hutupa bila bei. Makopo yafunikwe kidogo yasijae maji ya mvua, na yaangaliwe kila jioni. Tena majani marefu yasiachwe yakagusa kizimba, wala tawi la mti lisiegemee paa, kwani kwa siafu hilo ni daraja. Ulinzi huu haugharimu hata senti. Hata hivyo ulitugharimu watoto saba kwa kuwa hatukuuliza wenyeji. Mzee mmoja jirani alituambia baadaye, "Mngeniuliza, ningewaambieni." Alisema kweli. Tulikuwa na aibu ya kumwuliza mtu asiyejua kusoma.

Wengine wenu mtauliza, je, sungura hawezi kushuka chini akala majani mabichi mwenyewe? Aweza, na humfaa, lakini mchana tu, na mbele ya macho ya mtu. Tumetengeneza ua mdogo wa wavu wa futi 6 kwa futi 3, wenye wavu juu pia kwa ajili ya mwewe, usio na sakafu, unaosogezwa kila siku mahali pengine. Hatari yake ni kuchimba. Ukitaka kujua uwezo wa mnyama huyu wa kuchimba na kuzaana, kumbuka habari za Australia. Mwaka 1859 bwana mmoja, Thomas Austin, alifungulia sungura wachache huko Victoria kwa ajili ya kuwawinda. Waliongezeka hata kula malisho ya nchi, na kati ya 1901 na 1907 serikali ya Australia Magharibi ilijenga ua wa waya wenye urefu wa maili 1,139, sehemu ya wavu wake ikiwa imefukiwa ardhini. Kabla ua haujakwisha, sungura walikuwa wamekwisha vuka.

Basi kama maili elfu za waya hazikumshinda, futi 6 zetu zitamshinda kwa akili tu. Kwa kuwa hatuwezi kuchimba kiwanja cha kota, tulilaza chini, kuzunguka ua wote, wavu wenye upana wa futi 1, tukauwekea mawe. Mbwa akija kuchimba karibu na ukuta hukutana na wavu chini ya makucha yake. Sungura naye tumemlazia kipande kama hicho upande wa ndani. Jua likishuka, wote hurudi kizimbani.

Mambo machache ya kumalizia. Dume akae kizimba chake peke yake. Jike ndiye apelekwe kwake, si yeye kwa jike. Siku ya 27 baada ya kupandwa, jike apewe kisanduku cha kuzalia, urefu inchi 18, upana na kimo inchi 12, na nyasi kavu ndani. Atang'oa manyoya yake mwenyewe kuwatandikia wanawe. Majani ya viazi vitamu, kunde na nyasi safi ni chakula chema, yakiwa yamenyauka kidogo wala hayana umande. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya mparachichi yana sumu, msiwape. Maji safi yawepo mchana na usiku.

Na kwa kuwa sisi ni makarani, tusione haya kuutumia ukarani wetu. Juu ya kila kizimba tumetundika kadi yenye tarehe ya kupandwa, ya kuzaa, idadi ya watoto, na tarehe ya kuachishwa kunyonya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena kabla ya kuanza, mwoneni Bwana Afya wa mji mjue masharti ya kufuga kotani, ili isije ikawa mmejenga vema na kubomolewa kwa haki.

Bwana Mwenyekiti, twaomba kuleta shauri moja mbele ya Chama. Wavu ndio uliokula zaidi ya nusu ya gharama zetu, nao kwa futi ni ghali kuliko kwa robota zima. Wanachama sita wakiungana wakanunua robota moja, kila mmoja atapata ngome kwa fedha ambazo peke yake zingempatia kamba. Vilevile Chama kingekuwa na msumeno mmoja, nyundo mbili na koleo la kukatia waya, vya kuazimwa kwa zamu na kuandikwa daftarini, hakuna mwanachama ambaye angeshindwa.

Mtatuuliza sungura wako hali gani sasa. Wapo kumi na mmoja, na wengine tumekula. Yule binti hakutaka kuwapa majina tena, nasi hatukumshurutisha. Lakini kila jioni, baada ya kuwalisha, hulivuta komeo la juu, kisha la chini, kisha huinama akatazama makopo ya oili. Juzi alirudi ndani akasema, "Baba, kopo la nyuma limepungua." Baba yake alikuwa mezani, chakula mbele yake. Aliinuka saa ile ile, akaenda kulijaza, akarudi kula.

Tuko tayari kwa maswali, na atakaye kuja kukiona kizimba na aje Jumapili alasiri. Aje na futi kamba yake.